Nishani na Lugha: Tuzo za Kimataifa za Vitabu vya Watoto na Nafasi ya Kiswahili



Awali ya yote natoa shukrani zangu kwa waandaaji wa mhadhara huu kwa heshima waliyonipa. Waliponiomba nichague mada nilitaja fasihi ya watoto, na mmoja wao akaniuliza, kwa adabu, kama sikuwa na jambo zito zaidi. Sikulichukua swali lile kwa ubaya. Katika idara zetu tumeandika tasnifu nyingi juu ya tenzi, riwaya na tamthiliya, lakini hadithi ambayo msomaji aliipata kabla ya hayo yote tumewaachia walimu wa shule za msingi. Kwa hiyo naomba leo tuliangalie suala hili kupitia mlango usio wa kawaida, nao ni mlango wa tuzo. Dunia inamtunukuje mtu aliyetumia maisha yake kuwaandikia au kuwachorea watoto? Na kwa nini katika orodha ya waliotunukiwa hatumkuti hata mmoja aliyeandika kwa Kiswahili?

Tuzo iliyo kongwe na yenye hadhi kubwa kuliko zote katika uwanja huu ni ile iliyopewa jina la Hans Christian Andersen, mwana wa fundi viatu aliyezaliwa Odense, Denmaki, tarehe 2 Aprili 1805. Hata hivyo chimbuko lake haliko Denmaki. Liko katika magofu ya miji ya Ujerumani baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na aliyeliasisi ni mwanamke aitwaye Jella Lepman.

Lepman alikuwa mwandishi wa habari wa Stuttgart, Myahudi, mjane mwenye watoto wawili. Utawala wa Hitler ulimnyima kazi, na mwaka 1936 akakimbilia Uingereza. Mwaka 1945 alirudi katika nchi iliyomfukuza, safari hii akiwa amevaa sare ya jeshi la Marekani, akiwa mshauri wa masuala ya wanawake na vijana. Aliyoyakuta tunaweza kuyakisia: watoto wasio na makazi, wenye njaa, waliolelewa kwa miaka 12 katika mafundisho ya chuki. Wakubwa wake walitarajia ashughulikie mablanketi na maziwa. Yeye akaomba vitabu. Alizuiandikia nchi mbalimbali, nyingi zikiwa ndizo zilizokuwa zimetoka tu kupigana na Ujerumani, akizisihi zimpelekee vitabu vya watoto bila malipo kwa ajili ya maonyesho. Ubelgiji ilikataa mwanzoni, kwa hoja kwamba ilikuwa imevamiwa mara mbili na Wajerumani. Lepman hakukata tamaa, akaandika tena, akieleza kwamba watoto hao wasipopewa mwanzo mpya Ubelgiji ingekuja kuvamiwa mara ya tatu. Vitabu vikaja.

Maonyesho hayo yalifunguliwa Munich mwezi Julai 1946, katika jumba lilelile ambalo Hitler alilijenga ili kuonyesha sanaa aliyoipenda yeye. Krismasi ya mwaka huohuo, maonyesho yalipokuwa Berlin, Lepman alitaka kila mtoto aondoke na zawadi. Hapakuwa na karatasi wala fedha. Akaitafsiri mwenyewe hadithi ya Kimarekani ya fahali Ferdinand, yule asiyependa kupigana, ikachapwa nakala 30,000 kwenye karatasi ya magazeti, na watoto wakagawiwa. Naomba tuikumbuke karatasi hiyo ya magazeti kila tunaposikia kwamba kitabu cha mtoto hakiwezekani mpaka ipatikane karatasi inayong'aa.

Mwaka 1949 Lepman alifungua Maktaba ya Kimataifa ya Vijana mjini Munich, ambayo inaendelea na kazi hadi leo, na mwaka 1953 shirika aliloliasisi, linalojulikana kwa ufupisho wa IBBY, lilizinduliwa rasmi Zurich, Uswisi. Shirika hilo ndilo lililoanzisha Tuzo ya Andersen. Mshindi wa kwanza, mwaka 1956, alikuwa Eleanor Farjeon wa Uingereza. Akafuata Astrid Lindgren wa Uswidi mwaka 1958, na Erich Kästner wa Ujerumani mwaka 1960. Huyu Kästner ni mtu wa ajabu katika historia hii. Mwezi Mei 1933 vitabu vyake vilichomwa moto hadharani Berlin, na yeye mwenyewe alikuwapo katika umati, akitazama.

Katika duru hizo tatu za mwanzo kilichotunukiwa kilikuwa kitabu kimoja. Kuanzia mwaka 1962 kanuni ilibadilishwa: kinachopimwa ni jumla ya kazi za mtu, na mtu huyo sharti awe hai. Mwaka 1966 wachoraji wakapewa tuzo yao, sambamba na ya waandishi, wa kwanza akiwa Alois Carigiet wa Uswisi. Mabadiliko haya mawili yana uzito kwetu. Nitarudi kwayo.

Utaratibu wenyewe ni huu. Kila baada ya miaka miwili matawi ya kitaifa ya IBBY hupendekeza mwandishi mmoja na mchoraji mmoja. Tawi huandaa jalada lenye wasifu wa mhusika, orodha kamili ya vitabu vyake, orodha ya tafsiri zake katika lugha nyingine, tahakiki zilizoandikwa juu yake, pamoja na vitabu vichache vilivyochaguliwa kuwa mfano wa kazi zake. Jalada na vitabu hupelekwa kwa jopo la waamuzi kutoka nchi mbalimbali. Washindi hutangazwa katika maonyesho ya vitabu vya watoto ya Bologna, Italia, na hukabidhiwa nishani ya dhahabu na hati katika mkutano mkuu wa shirika. Fedha taslimu si sehemu yake. Anayetafuta fedha ataitazama tuzo nyingine, ile ya kumbukumbu ya Astrid Lindgren, iliyoanzishwa na serikali ya Uswidi mwaka 2002, mwaka aliofariki mwandishi huyo. Hiyo ina kitita cha krona milioni 5.

Tukiitazama orodha ya Andersen toka mwaka 1956 hadi 2024, tunaona Ulaya na Marekani ya Kaskazini zimechukua sehemu kubwa mno. Lakini haiwezi kusemwa kwamba mlango umefungwa kwa wengine. Iran iliingia mwaka 1974 kwa mchoraji Farshid Mesghali. Japani imeingia mara tano, Brazili mara tatu. Ajentina, China na Korea Kusini zimo. Afrika haimo, si kwa mwandishi wala kwa mchoraji. Mwaka 1964 alitunukiwa René Guillot, Mfaransa aliyefundisha hisabati Dakar kwa miaka mingi na kuandika hadithi za tembo, simba na chui wa Afrika Magharibi. Bara letu, basi, lilifika pale likiwa mandhari. Na mwaka 2004, IBBY ilipofanya mkutano wake mkuu kwa mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika, mjini Cape Town, waliopanda jukwaani kupokea nishani walikuwa Martin Waddell wa Ireland na Max Velthuijs wa Uholanzi. Wote wawili walistahili. Nimesoma vitabu vya Velthuijs vya yule chura wake na sina neno la kumpinga. Nasema tu kwamba wenyeji walikuwa wapiga makofi.

Hapo ndipo wenzetu wengi husimama na kusema: upendeleo. Mimi sikubali kwamba jibu ni jepesi hivyo, ingawa sikatai kwamba jopo linalosoma lugha tano au sita haliwezi kuzipima lugha zote kwa mizani moja. Utazameni mfano wa Michio Mado, mshairi wa Kijapani aliyetunga mashairi mafupi ya watoto kuhusu wanyama, wadudu na vitu vidogovidogo. Ushairi wa namna hiyo ni mgumu kuuvusha. Lakini mwaka 1992 ulichapishwa mkusanyo wa mashairi yake kwa Kijapani na Kiingereza, mfasiri wake akiwa ni Malkia Michiko, mke wa Mfalme Akihito, na michoro ikiwa ya Mitsumasa Anno ambaye mwenyewe alikuwa ameipata Tuzo ya Andersen mwaka 1984. Mwaka 1994 Mado, akiwa amepita umri wa miaka 80, akawa mwandishi wa kwanza wa Japani kutunukiwa. Ushairi ulikuwa wake. Daraja lilijengwa na watu wake wa nyumbani, tena wa ngazi ya juu kabisa, walioona kwamba kulijenga si kazi ya kujishusha.

Sisi tuna daraja la upande mmoja. Tangu zamani vitabu vya watoto vimeingia katika Kiswahili. Mwaka 1940 Elisi wa Lewis Carroll alikwisha kufika, na katika michoro ya toleo lile alivaa sura ya msichana wa Kiafrika. Mwaka 2015 Ida Hadjivayanis alitupatia tafsiri mpya ya kitabu hichohicho. Mwana Mdogo wa Mfalme wa Saint-Exupéry tunaye, kwa kazi ya Philipp Kruse na Walter Bgoya. Hizi ni juhudi za kupongezwa. Lakini niulize: ni hadithi ngapi za watoto zilizotungwa kwa Kiswahili zimetoka kwenda upande wa pili, kwa mkono wa mfasiri anayeijua kazi yake?

Kuna namna moja ambayo Kiswahili kimewahi kuheshimiwa katika tuzo za vitabu vya watoto, na inafaa tuijue. Mwaka 1971 Muriel Feelings, Mmarekani Mweusi aliyewahi kufundisha Uganda, alitoa kitabu cha kuhesabu kwa Kiswahili kuanzia moja hadi kumi. Mwaka 1974 akatoa cha alfabeti. Vyote viwili vilichorwa na Tom Feelings, na vyote viwili viliipatia michoro hiyo heshima ya Caldecott nchini Marekani, cha kwanza mwaka 1972 na cha pili mwaka 1975. Kwa watoto Weusi wa Marekani wa miaka ile, vitabu hivyo vilikuwa na maana kubwa sana, na hakuna haki ya kuvibeza. Ila ndani yake Kiswahili ni maneno yaliyopangwa kama shanga, moja kwa kila ukurasa, na maelezo yote ni ya Kiingereza. Lugha imetunukiwa kabla ya kupewa nafasi ya kusema sentensi.

Niruhusuni sasa nieleze jambo lililonipata mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita wenzangu wawili nami tulikusudia kuandaa jalada la mwandishi mmoja mzee wa hadithi za watoto, mtu ambaye wengi humu ndani mlimsoma mkiwa darasa la tatu au la nne. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa familia yake haikuniomba nilitaje. Tulidhani kazi ya miezi miwili ingetosha. Tukamwendea nyumbani, tukamwomba orodha ya vitabu vyake. Alituambia ni 12, kisha akasema labda 13. Katika kabati lake mlikuwa na vitatu. Mchapishaji wake wa kwanza alikuwa amefunga biashara, na wa pili alituambia kwamba nakala za kumbukumbu ziliharibiwa na maji. Viwili tulivipata kwa wauza vitabu vya mitumba kando ya barabara, kimoja kikiwa hakina jalada. Vinne tulivikuta katika maktaba ya chuo kikuu kimoja cha Ulaya, vimehifadhiwa vizuri, havijaazimwa na mtu kwa miaka mingi. Tahakiki juu ya kazi zake tulizipata mbili, zote za aya moja. Tafsiri, hakuna.

Tulikuwa bado tunatafuta vilivyobaki mzee alipofariki. Masharti, kama nilivyosema, yanataka mhusika awe hai.

Sasa mnaona kwa nini mabadiliko ya mwaka 1962 yana uzito kwetu. Tuzo ya kitabu kimoja humtaka mwandishi awe na kitabu kizuri, na vitabu vizuri tunavyo. Tuzo ya jumla ya kazi hudai kitu kingine: idumu kuwapo sokoni au angalau maktabani kazi ya miaka 30, ijulikane nani aliandika nini na lini, na awepo mtu aliyeisoma yote akasema kwa nini ina thamani. Haya si mambo ya mwandishi. Ni yetu: wachapishaji, wakutubi na wahakiki.

Kwa upande wa wachapishaji tatizo linafahamika. Kitabu cha mtoto wa Kiswahili huishi kwa kuingia shuleni. Kikipata ithibati kinachapwa kwa maelfu. Mtaala ukibadilika kinakufa, hata kama watoto wanakipenda. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza mwaka 1991, ulijaribu kuuvunja mtego huo kwa kumhakikishia mchapishaji kwamba sehemu ya nakala zitanunuliwa na kupelekwa shuleni, na kwa kufundisha waandishi na wachoraji. Matunda yake yalionekana. Tuzo za hapa kwetu nazo zimesaidia. Huko Kenya Ndoto ya Amerika ya marehemu Ken Walibora ilipata Tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka 2003, na hapa Tanzania Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere, iliyoanza kutolewa mwaka 2023 kwa riwaya na ushairi, imezifikia pia hadithi za watoto. Hata hivyo tuzo hizi zote ni za andiko moja moja. Hazijengi jalada.

Kwa upande wa wahakiki, yaani sisi, sina la kujitetea. Rafu ya kitabu cha mtoto mwenye Kiswahili ni ya mtoto mwenye lugha inayosemwa na mamilioni ya watu katika zaidi ya nchi tano, lakini hatuna hata jarida moja linalotahakiki vitabu hivyo kila mwaka.

Naomba niseme machache juu ya wachoraji, kwa sababu hali yao ni mbaya zaidi, na kwa sababu mlango wao huenda ndio ulio wazi zaidi. Picha haihitaji mfasiri. John Kilaka, mzaliwa wa Sumbawanga, anayechora kwa mkondo wa Tingatinga, alianza mwaka 2001 kuchapisha vitabu vya picha vilivyojaa samaki, mbwa, panya na tembo waliovaa mashati ya rangi. Baadhi ya hadithi zake amezikusanya kwa wasimulizi vijijini. Vitabu hivyo vilitoka kwanza Uswisi, kwa Kijerumani. Msinielewe vibaya, mchoraji ana haki ya kumfuata mchapishaji anayemlipa na kumchapia rangi zake sawasawa. Lakini fikirini: hadithi imetoka kinywani mwa mzee wa Kitanzania, mtoto wa Zurich akaisoma kabla ya mjukuu wa mzee huyo.

Nao upande wa wasimulizi una jambo la kutia moyo. Tuzo ya Astrid Lindgren haikufungiwa kwa waandishi na wachoraji. Inawakubali pia wasimulizi wa hadithi kwa mdomo, na watu au asasi zinazokuza usomaji. Kwa mlango huo Afrika imekwisha kuingia: mwaka 2015 ilitunukiwa PRAESA ya Cape Town, asasi iliyoanzishwa mwaka 1992 na Neville Alexander, kwa kazi yake ya kuwapatia watoto vitabu na hadithi katika lugha zao za nyumbani. Kabla ya hapo, mwaka 2008, jirani zetu Editions Bakame wa Rwanda, wanaochapisha kwa Kinyarwanda, walipewa tuzo ya IBBY na gazeti la Asahi ya kukuza usomaji. Kinyarwanda kina wasemaji wachache kuliko Kiswahili. Ukubwa wa lugha haukuwa hoja. Hoja ilikuwa kwamba kulikuwa na watu waliofanya kazi moja kwa miaka mingi, wakaiwekea kumbukumbu.

Basi ninachopendekeza ni kazi ndogo na ya kuchosha. Idara hii ichague waandishi watano na wachoraji watano walio hai. Kila mmoja akabidhiwe kwa mwanafunzi wa uzamili, ambaye tasnifu yake itakuwa orodha kamili ya kazi za mtu huyo, mahojiano naye, na tahakiki ya kila kitabu. Vitabu vyenyewe vitafutwe, vinunuliwe, vinakiliwe kwa picha za kompyuta na kuwekwa maktabani kwetu. Wenzetu wa tafsiri wachukue kitabu kimoja kimoja. Pia kuna Orodha ya Heshima ya IBBY, ambayo tangu mwaka 1978 hutambua hata wafasiri; hiyo haihitaji kusubiri miaka 30, na tawi la taifa likiwa hai linaweza kuitumia kila baada ya miaka miwili. Nikiulizwa tuanze na nani, nasema tuanze na aliye mzee zaidi.

Nina ombi la mwisho. Kile kitabu kisicho na jalada, tulichokipata kando ya barabara, nimekuja nacho. Kina michoro 22 ya wino, na kwa maoni yangu ni michoro bora kuliko yote niliyoiona katika vitabu vya Kiswahili vya miaka ya 1970. Jina la mchoraji halikuandikwa popote. Katika ukurasa wa 14 tu, chini ya kwato za mbuzi aliyelala, kuna herufi mbili zilizochorwa kwa kalamu nyembamba, na ya pili haisomeki vizuri. Nimekiacha kwenye meza ile ya mlangoni mlipoandikisha majina. Mtakapotoka, hasa ninyi mliopata kufanya kazi katika viwanda vya uchapaji miaka ile, tafadhali kifungueni ukurasa huo mkitazame.